Namna ya Kuiba Mlima Ukiwa Kajaga

Una kiwanja Kajaga. Kiwe upande wa ziwa au upande wa barabara ya Gatumba, haidhuru. Nyumba imekwisha, geti limepakwa rangi, zamu ana kibanda chake. Kimebaki kile kiwanja cha mbele ambacho kila mgeni anakipita kabla hajakuona wewe. Unataka asimame pale kidogo, anyamaze. Unataka pia akirudi Rohero au Kinindo asimulie. Usione haya. Tamaa ya kusifiwa imejenga bustani nyingi nzuri duniani, na hapa tutaitumia bila kuficha.

Tengeneza bustani ya Kijapani, na uitengeneze kwa ujanja, maana haina njia nyingine ya kutengenezwa. Wajapani wana karibu miaka elfu moja wanafundishana namna ya kuyadanganya macho: bahari isiyo na tone la maji, safari ndefu ndani ya hatua ishirini, mlima ambao mwenye bustani hana hati yake. Kitabu chao cha zamani kabisa cha kazi hii, Sakuteiki, ni cha karne ya 11. Kwa kawaida huhesabiwa kuwa cha Tachibana no Toshitsuna, mtoto wa Fujiwara no Yorimichi aliyeshika madaraka kwa niaba ya mfalme. Kwa hiyo ujanja huu ulianza kwenye nyumba za wakubwa, hutajishusha kwa kuufuata.

Uzuri wake ni kwamba anayedanganywa anajua. Mgeni anaona wazi kuwa hizi ni kokoto na lile ni jiwe. Ukimwachia nafasi, bahari ataijaza mwenyewe kichwani, na atakushukuru wewe kwa kazi aliyoifanya yeye. Shikilia hilo, mengine yote yanatoka humo.

1. Anza na mlima

Kabla hujanunua jiwe hata moja, simama kibarazani saa kumi na moja jioni utazame magharibi. Ng'ambo ya Rusizi na pembe ya ziwa, nyuma ya Uvira, imepangana milima ya Kongo inayozidi mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Wewe umekaa kwenye mita 775 hivi. Ukuta wa zaidi ya kilomita mbili kwenda juu umesimama mbele yako, na kila jioni jua linakwenda kuzama nyuma yake. Hujalipia hata faranga moja.

Kuuingiza mlima wa mbali bustanini mwako Wajapani wanakuita shakkei, yaani mandhari ya kukopa. Mfano wao maarufu ni Entsu-ji, hekalu lililo kaskazini mwa Kyoto. Mbele ya kibaraza kuna uwanja wa kijani wenye mawe machache ya chini. Baada ya hapo kuna ua wa miti uliokatwa sawasawa, kisha mashina marefu yaliyosimama wima, na katikati ya mashina hayo, mbali kabisa, Mlima Hiei. Ukikaa pale unaamini kwamba mlima ni wa hekalu. Hiei yenyewe ina mita 848 tu. Jilinganishe nao, ufurahi kidogo, kisha turudi kazini.

Ujanja wote wa Entsu-ji uko kwenye ule ua wa miti. Kazi yake ni kufuta kila kilicho katikati: nyumba za watu, barabara, mashamba. Jicho linaruka kutoka nyasi zako hadi mlimani bila kukanyaga popote. Kwa hiyo orodhesha vinavyokusumbua upande wa magharibi. Kuna nguzo ya umeme, tangi jeusi la maji la jirani, paa la bati jipya linalong'aa, na labda nguo zilizoanikwa. Kimoja kimoja kizibie kwa mianzi au matete. Nguzo moja ya umeme unaweza kuifuta kwa shina moja la mti, ukilipanda mahali sahihi. Ili upajue mahali hapo, kaa kwenye kiti utakachomkalisha mgeni, mtume kijana ashike mti wa mita tatu, na umwambie asogee kulia, asogee kushoto, mpaka nguzo ipotee. Hapo achimbe shimo.

Linabaki tatizo la ukuta. Kajaga watu wanajenga kuta ndefu na kuzipanga vipande vya chupa juu, kisha wanakaa ndani wakitazama saruji. Sikwambii uushushe, najua kwa nini uliujenga. Inua kibaraza. Mita moja ya ngazi inatosha kumrudisha mgeni kwenye milima, na mwizi anabaki na ukuta wake vilevile. Tena kwa mtaa wetu ulio karibu hivi na ziwa, sakafu iliyoinuliwa ina faida nyingine maji yakipanda.

Nina tahadhari mbili. Julai na Agosti vumbi na moshi wa kiangazi huufunika mlima, na kuna siku haupo kabisa. Usimwahidi mtu. Waalike wageni wako Aprili, mvua ikikatika jioni, wakati milima inasogea karibu mpaka unahesabu mabonde yake.

Tahadhari ya pili naiweka kwa uzito wote. Mlima huo una wenyewe. Februari 2025 maelfu ya Wakongo waliteremka na kuvuka kuja Burundi wakikimbia vita, wengine kupitia Gatumba, hapo jirani yako, wengine wakivuka Rusizi kwa miguu na watoto mgongoni. Anayekopa mandhari ya mtu ana deni la kujua hali yake. Mgeni akiusifu mlima, mweleze ni wapi, na ni nani wanaoishi huko. Bustani haiharibiki kwa kuwa na huzuni ndani yake. Nyingi za Kyoto zilijengwa katika karne za vita.

2. Lifiche ziwa

Hili litakuuma. Umelipa pesa nyingi ili ulione ziwa, nami nakwambia ulifiche. Nisikilize.

Kuna hadithi inayosimuliwa juu ya Sen no Rikyu, bingwa wa chai aliyeishi kuanzia 1522 hadi 1591. Alikuwa na kiwanja kinachotazama bahari, akakipanda miti mpaka bahari ikapotea. Wageni wakaingia wamenuna, kila mmoja akijiuliza bwana huyu ana akili gani. Kabla ya chai ilibidi wanawe kwenye birika la jiwe lililowekwa chini kabisa, karibu na ardhi. Kila aliyeinama kuchota maji aliona, kupitia mwanya mdogo kwenye majani, bahari nzima inang'aa. Maji mkononi, maji mbele ya macho, kwa wakati mmoja. Iwe ilitokea hivyo hasa au wanafunzi wake waliipamba, bustani za chai zinajengwa kwa fikra hiyo mpaka leo.

Sisi tuna bahati kuliko Rikyu, kwa sababu kwetu mgeni ananawa kabla ya kula hata usipomwambia. Samaki wa mukeke anachomwa, ugali unasongwa, na kila mtu anainuka kwenda kwenye maji. Weka jiwe lenye shimo, au beseni la saruji lililochakaa vizuri, kwenye kimo cha goti. Usiweke bomba. Weka kata ya kibuyu. Panda mafunjo au mianzi kati ya hapo na ziwa, izibe kabisa.

Sasa kata mwanya. Mwite mtu wa kimo cha kawaida, ainame kama anayenawa kweli, akae hivyohivyo. Wewe nenda upande wa pili na mkasi, ukate majani palipo macho yake, kidogo kidogo, mpaka akwambie analiona ziwa. Ukikata sana, anayesimama naye ataliona, na kazi yote imepotea. Mwanya wa kiganja kimoja unatosha.

Atakayekuwa wa kwanza kuinama na kupiga kelele atawaita wengine. Mwache aamini amegundua yeye.

3. Tengeneza bahari isiyo na maji

Wengi wakisikia bustani ya Kijapani wanaanza kuchimba bwawa. Acha sepetu. Bwawa Kajaga ni shamba la mbu, na Burundi ni nchi ambayo mwaka 2017 serikali ilitangaza mlipuko wa malaria nchi nzima. Bwawa pia ni nyasi mbichi kandokando yake, na viboko wa ziwa hili hutoka usiku kutafuta malisho. Wanajua njia za mitaa ya ufukweni kuliko madereva wa bajaji.

Wajapani walilimaliza jambo hili zamani. Sakuteiki tayari inazungumzia kupanga mawe mahali pasipo maji, na mafundi wa mahekalu ya Zen baadaye wakaifikisha kazi hiyo mbali. Pale Daisen-in, Kyoto, bustani ya mwanzoni mwa karne ya 16, mto mzima wa kokoto nyeupe unateremka kutoka mlima wa mawe, unapanuka, na juu yake linapita jiwe lenye umbo la jahazi. Ryoan-ji ni maarufu zaidi. Ni uwanja wa mita 25 kwa 10 hivi, kokoto zilizochorwa kwa reki, mawe 15, basi. Hekalu lilianzishwa 1450, na aliyepanga mawe yale hajulikani kwa hakika. Mwaka 1975 Malkia Elizabeth wa Uingereza alipelekwa kuitazama, na umaarufu wake ukavuka bahari. Hakuna maua, hakuna samaki, hakuna chemchemi. Watu wanakaa kibarazani wakitazama kokoto.

Hapa Kajaga bahari ya kokoto ina maana ambayo Kyoto haina. Ziwa letu limetuingilia. Kuanzia 2020 lilipanda, likashuka kidogo, likapanda tena, na mwaka 2024 lilikaribia kipimo chake cha juu cha 1964. Maji yaliingia katika nyumba za Kajaga na Gatumba, watu wakahama, na wengine hawajarudi. Mtu aliyebeba godoro lake kichwani kulikimbia ziwa hahitaji bwawa jingine mlangoni. Lakini bado analipenda ziwa, kwani amekua akilitazama na akila ndagala zake. Kokoto zinampa ziwa analoweza kukaa nalo. Linatulia anapotaka litulie, na mawimbi yake yanachorwa na mkono wake mwenyewe. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kutengeneza bustani hii hapa na si kwingine.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani. Wewe utalisimamisha kwa sentimita sita za kokoto. Fanya hivi.

Shindilia udongo mpaka uwe mgumu. Tandika karatasi nzito ya plastiki yenye matundu ili magugu yasitoke na mvua ipite. Zungushia kingo za mawe. Kisha mwaga kokoto. Usichukue mchanga laini wa ufukweni, maana hauwezi kushika mstari. Upepo wa jioni ukitoka ziwani utaufuta kabla wageni hawajafika. Tafuta punje za milimita kadhaa, zenye ncha kidogo, za kijivu kilichopauka. Nyeupe tupu inaumiza macho saa sita. Nunua kwenye machimbo yenye kibali. Fuso litakalokuletea mawe yaliyong'olewa ukingoni mwa mto Ntahangwa linakuletea kipande cha nyumba ya mtu, kwa sababu korongo lile linakula kingo zake na watu wanaishi juu yake.

Reki ya duka haifai, meno yake yanakaribiana mno. Mpelekee seremala ubao wa upana wa mabega yako, achonge meno mapana ya pembe tatu, aweke mpini mrefu. Vuta mistari iliyonyooka kutoka ukutani kuja kibarazani, ukirudi nyuma ili usikanyage ulichochora. Kuzunguka kila jiwe chora duara, kisha duara jingine nje yake. Hayo ndiyo mawimbi yanayopiga kisiwa. Mvua ya Bujumbura itakuja na kufuta yote kwa dakika kumi. Chora tena. Mimi sijaona kazi ya asubuhi inayotuliza kichwa kuliko hii, na ukimfundisha zamu, utakuta anachora vizuri kukushinda, kwa kuwa ametumia miaka akifagia uwanja kwa mistari bila mtu kumsifu. Msifu.

Na akimaliza kufagia njia, mwambie atikise tawi moja. Rikyu huyohuyo, inasimuliwa, alitakiwa kufagia bustani, akaifagia mpaka ikawa safi kabisa, kisha akautikisa mti yakaanguka majani machache. Uwanja usio na jani hata moja unamwambia mgeni kwamba amesubiriwa kwa wasiwasi. Majani matatu yanamkaribisha.

4. Mawe matatu, na moja lijifiche

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Wananunua mawe mengi, wanayapanga duara, wanayapaka chokaa. Tafadhali.

Anza na matatu: moja refu, moja lililolala, moja la kati. Namba witiri huzuia jicho kugawa vitu mafungu mawili sawa na kuondoka. Tembea kwenye machimbo polepole, usiulize bei kwanza. Lizunguke jiwe na ulitafute uso wake, maana kila jiwe lina upande unaotaka kutazamwa. Sakuteiki inafundisha kwamba fundi anapaswa kulifuata jiwe linavyoomba, na inaonya vikali kwamba jiwe lililokuwa limesimama porini usililaze, na lililolala usilisimamishe, la sivyo balaa litaiandama nyumba. Uamini balaa au usiamini, fuata. Jiwe lililogeuzwa linaonekana limegeuzwa. Kuvu yake iko upande usio wake, na mistari ya mvua inakwenda mlalo.

Zika theluthi moja ya jiwe. Itakuuma tena, kwa kuwa umelilipia lote. Jiwe lililowekwa juu ya ardhi linaonekana limeshushwa na lori jana. Lililozikwa linaonekana ni ncha ya kitu kikubwa kilicho chini, na mgeni atakiona hicho kikubwa. Umenunua jiwe, umepata mlima.

Swali ni mawe yako yawe nini. Ryoan-ji wapo wanaosema mawe yale ni visiwa, wengine vilele vinavyochomoza mawinguni, na wengine chui milia jike anayevusha watoto wake mtoni. Japani haina chui milia porini. Walikuwa wameletewa hadithi na picha kutoka bara la China, na hizo zikawatosha. Basi nawe usijifunge kwa vya Kyoto. Wao wana korongo na kobe, alama za maisha marefu. Sisi tuna umusambi, korongo mwenye taji la dhahabu, katika mabonde ya Burundi, na kobe hatuhitaji kumkopa. Lakini ningekuwa wewe ningeanza na kiboko. Lile lililolala na lile la kati yatafute meusi, laini mgongoni, uyazike karibu yote, kubwa na dogo, nusu mita katikati yao. Vuta mistari ya reki iliyonyooka, halafu kwenye yale mawe ipinde kidogo. Mtoto yeyote wa Kajaga ataona mama na mwanawe wakivuka kabla hajafika ngazini.

Pale Mugere, kusini mwa jiji, kuna jiwe kubwa ambalo kila mtalii anapelekwa kulipiga picha, kwa sababu limechongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Watu wanasoma maandishi na kurudi garini. Ukienda, simama upande usio na maandishi. Jiwe lile lilikuwa hapo likilitazama ziwa kabla wageni hao hawajazaliwa, na lina mabega mazuri sana. Kulitazama jiwe bila kusomewa ndiko unakotaka wageni wako wajifunze nyumbani kwako.

Halafu ficha moja. Ryoan-ji inasemwa kwamba ukikaa popote kibarazani huoni mawe yote 15 kwa mara moja, daima kuna linalojificha nyuma ya jingine. Weka jiwe lako la nne, dogo, nyuma ya lile refu. Usimwambie mtu. Mgeni wa kawaida ataondoka ameona matatu. Mwenye macho atasogea kiti, ataliona, atakutazama, na ninyi wawili mtakuwa marafiki tangu siku hiyo.

5. Njia

Mawe ya kukanyagia yapange kwa kupindapinda, na nafasi zisilingane. Mtu anayetazama anakanyaga wapi hatazami simu. Mahali unapotaka ainue kichwa, weka jiwe pana la kusimama na miguu yote miwili.

Pale usipotaka wapite, usibandike kibao. Chukua jiwe la ukubwa wa ngumi mbili, lifunge kwa kamba nyeusi mara mbili kwa msalaba, fundo juu, uliweke katikati ya njia. Kwenye bustani za chai za Japani jiwe hilo linatosha kumrudisha mtu. Linarukika kwa urahisi, hata mtoto angeweza kulivuka, na bado hakuna anayelivuka. Waeleze wa nyumbani mara moja tu.

6. Miti ya hapa

Usiagize micheri. Itakufa, nawe utaonekana umefiwa. Kuvumwani ya Kyoto nayo haitakubali joto la tambarare ya Rusizi. Tandika paspalamu, uikate fupi, umwagilie jioni.

Kwa mti mmoja wa kutazamwa, panda umurinzi. Kiangazi unapukutisha majani yote na kuwaka maua mekundu kwenye matawi matupu, na Warundi wa zamani waliuheshimu kwa kuuhusisha na Kiranga, roho mkuu wa dini yao ya jadi. Kwa kivuli, panda umuvugangoma, wenye maua meupe, ambao kwa magogo yake hutengenezwa ngoma zetu, zile ambazo mchezo wake wa kifalme uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2014. Mjapani akija kwako akaona mti huo umesimama peke yake kwenye ukingo wa kokoto, ataona mti mzuri. Mrundi ataona zaidi. Usiwafafanulie mapema.

Mmoja mmoja, basi. Mti wa pili wa aina ileile unaua wa kwanza.

7. Kuwapokea

Kwa kawaida utataka kueleza. Umejinyima, umesoma, umebishana na fundi, na ulimi unawasha. Ukieleza umeharibu. Ukisema jiwe hili ni kiboko, limekuwa kiboko milele na halitakuwa kisiwa tena, wala mzee anayelala, wala mtumbwi uliopinduka.

Waketishe. Wape kinywaji. Nyamaza dakika mbili, ambazo zitakuwa ndefu. Kisha uulize tu: "Unaona nini?" Waanzie watoto, kwa kuwa wakubwa wanaogopa kukosea mbele ya wenzao, na wakimsikia mtoto amesema mamba watathubutu. Mama mmoja atasema ni Uvira na visiwa, ingawa Uvira haina visiwa. Mzee atasema ni ng'ombe wamelala. Kila jibu lipokee kwa uzito, uliza tena kidogo: anaelekea wapi, nani anamfuata. Kwa namna hii utaonekana mjuzi mkubwa wa bustani za Kijapani bila kutaja neno moja la Kijapani, na heshima hiyo utakuwa umeistahili, kwani kuwasikiliza watu wakiona ndio ujuzi wenyewe.

Giza likiingia, zima taa za ulinzi upande wa ziwa kwa nusu saa. Mwambie zamu mapema asishtuke. Usiku usio na mwezi wavuvi wa ndagala wanatoka na taa zao, na ukibahatika zitajipanga mstari mzima kwenye mwanya wa mafunjo, juu tu ya kokoto zako. Taa hizo pia umeziiba. Kesho yake nunua ndagala zao, usipatane sana.

8. Acha

Utapata hamu ya kuongeza. Itakuja baada ya miezi michache, utakapoona bustani ya mwenzako Kinyinya ina taa za rangi. Ukitaka kubadilisha kitu, ondoa kimoja kwanza ukae wiki bila hicho. Mara nyingi utagundua hukukihitaji.

Na kuna jirani, mtu mwema, atakayekuonea huruma kwamba una kokoto tupu. Atakuletea zawadi ya bata wa saruji, wawili, wamepakwa rangi nyeupe na midomo ya chungwa. Wapokee kwa mikono miwili, mshukuru kwa moyo, mkaribishe kahawa. Wapeleke uani, karibu na bomba, mahali ambapo watoto wataoga na kucheza nao. Akija tena akauliza wako wapi, mpeleke hukohuko uani, umwoneshe watoto wamewakalia mgongoni.